UZI: Ben Boyd, bwana kondoo wa Australia aliyeshuka na bunduki kuwinda na hajarudi mpaka leo

#1 Mkia wa Mafuta

Wakuu salaam. Naomba leo tuache siasa na mpira kidogo. Nina kisa kimenikaa kichwani wiki nzima, mke wangu ameshachoka kukisikia, sasa nakileta kwenu.

Mimi ni mtoto wa zizini. Kwetu, chini ya Mlima Hanang, kondoo ndiye alikuwa benki. Ada ikidaiwa, mzee anaingia zizini alfajiri kabla hawajafunguliwa, anapapasa mkia wa huyu, anapapasa wa yule. Akimshika mmoja mguu wa nyuma basi nyumba nzima tunajua huyo leo haendi malishoni. Ndiyo maana nilipokutana na habari za Benjamin Boyd usingizi ulikata. Mtu mmoja, Mskochi, kaingia Australia, na ndani ya miaka miwili anashikilia malisho ya ekari 381,000. Nimepiga hesabu, ni kama kilomita za mraba 1,540. Unguja nzima inaizidi hapo kidogo tu. Ada aliyokuwa akilipa serikalini kwa eneo lote hilo ilikuwa pauni 80 kwa mwaka.

Alitia nanga Sydney Julai 18, 1842. Oktoba 1849 aking'oa nanga hana stesheni, hana benki, hana mji. Amebaki na mashua tu.

Nimesema stesheni. Kule shamba la kondoo ndivyo linavyoitwa, usitafute treni. Mwenye nalo wanamwita skwota (wenzetu wa Kenya najua mmeshtuka, tutafika hapo). Na kondoo wao si hawa wetu wa mkia. Ni merino, mnyama mwenye mikunjo shingoni kama soksi iliyolegea, na anafugwa kwa ajili ya sufu. Sufu, siyo sufi ya kwenye mito ya kulalia. Nyama yake haikuwa na soko la maana, maana majokofu hayakuwepo, Uingereza ni safari ya miezi, na wakazi wenyewe walikuwa wachache. Thamani yote ipo mgongoni mwa mnyama. Inanyolewa mara moja kwa mwaka, inashindiliwa marobota, inapakiwa melini kwenda kwenye viwanda vya nguo.

Serikali ya koloni la New South Wales ilikuwa imechora mipaka, wilaya 19, ikasema walowezi wasikae nje ya hapo. Nani alisikia? Kondoo hasomi ramani. Watu walivuka na mifugo yao, na mwaka 1836 serikali ikasalimu amri, ikaanza kutoza leseni ya pauni 10 kwa mwaka, ukishalipa lisha mpaka uchoke. Ile ardhi ilikuwa na wenyewe, watu waliokaa pale maelfu ya miaka. Kwenye leseni hakukuwa na mstari wa kuwaandika.

Naendelea, nipeni dakika.

#2 MamaPili

Nimeshaweka kigoda. Ila kaka usituache njiani kama ule uzi wako wa nyuki, mpaka leo hatujui malkia aliishia wapi.

#3 Kichuguu

Pauni 80 kwa eneo la Unguja! Hata kama ni pauni za zamani, hiyo ni dharau.

#4 Mkia wa Mafuta

MamaPili ule wa nyuki nitaumalizia dada, nivumilie.

Sasa Boyd mwenyewe. Huyu bwana hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Alikuwa dalali wa hisa London tangu miaka ya 1820, kazi yake kununua na kuuza makaratasi. Mwaka 1840 akamwandikia waziri wa makoloni, Lord John Russell, kwamba ana mpango mkubwa wa kuleta meli za mvuke Australia, na anaomba serikali imrahisishie mambo kule. Sambamba na hilo akaanzisha Royal Bank of Australia. Mtaji wake kwenye makaratasi ulikuwa pauni milioni 1. Taslimu zilizopatikana kwa kuwauzia watu hati za mkopo zilikuwa kama pauni 200,000. Shikeni hiyo 200,000, kisa chote kimo humo.

Meli za mvuke zilitangulia. Yeye akafuata na yoti yake, Wanderer, inapepea bendera ya klabu ya mayoti ya wakubwa wa Uingereza, na ndani kambeba mchoraji, Oswald Brierly. Yaani jamaa anaenda kufuga kondoo na mchoraji wake!

Angalieni na wakati aliofika. Miaka hiyo ya mwanzo wa 1840 koloni lilikuwa taabani. Ukame umepita, bei ya sufu London imeanguka, waliokopa kununua mifugo wameshindwa kulipa, benki zinafunga milango. Kondoo aliyekuwa na bei nzuri miaka michache nyuma sasa anatupwa kwa peni sita. Katikati ya kilio hicho anashuka mtu mwenye fedha taslimu. Unadhani nini kitatokea? Alinunua stesheni kama anayechagua nyanya jioni, wakati muuzaji anataka kufunga genge. Kufikia Mei 1844 Gavana George Gipps anaandika London kwamba Boyd ni mmoja wa maskwota wakubwa kabisa, ana stesheni 14 nyanda za Monaro na 4 upande wa Port Phillip, yaani Victoria ya leo. Hizo ndizo ekari 381,000 nilizowatajia. Mji wa Deniliquin unaouona kwenye ramani leo ulianza kama stesheni yake, na jina lake limetokana na mwenyeji wa pale aliyesifika kwa mieleka, Denilakoon.

Halafu kuna kitu kilichonitoa jasho. Kondoo wakishafika peni sita, skwota afanye nini nao? Mwaka 1843 bwana mmoja wa Yass, Henry O'Brien, akatoa jibu: wachemsheni. Unachinja kundi zima, unachuna ngozi, mizoga unaitumbukiza kwenye masufuria makubwa ya chuma, unakoleza moto mpaka nyama inaachana na mifupa na shahamu inaelea juu. Shahamu ile unaiengua, unaijaza kwenye mapipa, inaenda Uingereza kutengenezewa mishumaa na sabuni. Kwa njia hiyo kondoo wa peni sita alifikia shilingi tano au sita. Nyama? Ilitupwa, au walipewa nguruwe. Mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo kichwa cha kondoo kina mwenyewe, miguu ina mwenyewe, hata utumbo una mwenyewe, ilibidi niweke simu chini kwanza.

Boyd naye akajenga kiwanda cha kuchemshia kondoo, na hapo tunaingia kwenye mji wake.

#5 Daktari wa Ng'ombe

Mkuu kabla hujaendelea niongeze la kitaalamu. Miaka hiyo seng'enge bado haijaingia kule, mbuga ziko wazi. Kwa hiyo kila kundi la kondoo mia kadhaa mpaka elfu na ushee lazima liwe na mchungaji wake kutwa, na usiku liingie kwenye zizi la vizuizi vya miti vinavyohamishwa kila baada ya siku chache, na lazima awepo mtu wa kulala nalo kwa sababu ya dingo, mbwa mwitu wa kule. Ukimuacha merino alale kwenye tope kwato zinaoza. Ukichanganya makundi, upele wa kondoo unahama kundi moja hadi jingine, sufu inanyofoka mabaka mabaka na mwaka wako umeisha. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa ekari si utajiri. Utajiri ni watu wa kuchunga. Huyo bwana aliwatoa wapi?

#6 Mkia wa Mafuta

Daktari umegonga penyewe, nafika hapo. Kwanza mji.

Kusini mwa Sydney, karibu na mpaka wa Victoria ya leo, kuna ghuba inaitwa Twofold Bay. Maji ya kina, upepo hauingii, na kutoka pale unapanda milima unatokea kwenye mbuga za Monaro. Serikali ilikuwa tayari imepima mji wake pale, Eden. Boyd akasema hapana, najenga wangu. Akaujenga Boydtown ng'ambo ya ghuba: gati, maghala, hoteli, kanisa la matofali, kiwanda cha kuchemshia kondoo, na kambi ya kuvua nyangumi. Benki yake ikachapisha noti zake zenyewe. Fikiria wewe ni kibarua wa Boyd, unalipwa karatasi ya Boyd, unainunulia unga kwenye duka la Boyd.

Kwenye nyangumi, wapiga makasia wengi walikuwa Wathaua, wenyeji wa ile ghuba, na usimamizi wa kambi alikuja kuushika yule yule mchoraji Brierly. Wathaua walikuwa na uhusiano wa ajabu na nyangumi wauaji, wale weusi wenye mabaka meupe, ambao walikuwa wakiwasukuma nyangumi wakubwa kuja karibu na pwani. Hicho kisa kinataka uzi wake.

Kwenye rasi akajenga mnara wa mawe, mawe yenyewe yametolewa Sydney, akiutaka uwe mnara wa taa. Juu kabisa akachonga kwa herufi kubwa: BOYD. Nimeutazama kwenye picha mara nyingi. Herufi zile zinasomeka mpaka leo, mawe yamekatwa kwa ustadi, ila ndani ni uwazi mtupu. Taa haikuingia. Serikali haikukubali mtu binafsi aendeshe taa kwa matakwa yake, ukabaki mnara wa kuchungulia nyangumi.

Na meli zake? Ile kubwa, Seahorse, iligonga mwamba mwaka 1843 kwenye mto Tamar, Tasmania. Bima wakagoma kulipa. Jina lake lilibaki kwenye hoteli ya Boydtown, Seahorse Inn.

#7 Wa Nyandarua

Skwota sasa, usitupite. Huku kwetu skwota ni yule maskini anayekaa kwa shamba ya mzungu, ana vibuzi vyake na kibustani, na analipa kwa jasho. Babu yangu alikuwa mmoja. Sheria ya 1918 ilisema lazima umfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ndio uruhusiwe kukaa. Kwa ardhi ambayo baba yake alilishia mifugo! Sasa unaniambia Australia skwota ni yule tajiri mwenye yoti?

#8 Mkia wa Mafuta

Ndiyo hivyo ndugu yangu. Neno ni moja, maana yake ya asili ni mtu aliyekaa pasipo pake bila hati. Kule aliyekaa bila hati ni mzungu mwenye kondoo, na likageuka jina la heshima. Huku walilibeba wakalibandika kwa Mkikuyu aliyekuwa hapo kabla yao.

#9 Wa Nyandarua

Na sisi tulikuwa na wetu wa kondoo, Lord Delamere, mlowezi wa Kizungu. Mwaka 1903 alipewa ekari 100,000 pale Njoro, akaleta kondoo wa sufu kutoka ng'ambo, wakafa kama nzi. Nyasi za pale zilikosa madini, na Wamaasai walikuwa wakipakwepa siku zote. Hakuwauliza. Baadaye alihamia Soysambu, na 1931 alikufa na madeni ya kutisha. Lakini jina lilibaki na shamba lilibaki. Wetu hawaanguki, wanainama tu.

#10 Mkia wa Mafuta

Hiyo ya mwisho nimeicheka peke yangu kwenye daladala.

Turudi kwa swali la Daktari: wachungaji. Zamani jibu lilikuwa rahisi, wafungwa. Uingereza ilikuwa ikimwaga wafungwa kule, skwota anapangiwa wake, anawalisha tu na kuwavika. Mwaka 1840 usafirishaji wa wafungwa kuja New South Wales ukasimamishwa. Sasa unatakiwa umlipe mtu huru, na mtu huru anataka hela ya maana ndipo akakae peke yake porini miezi na kondoo na dingo. Boyd aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Kutunga Sheria iliyokuwa ikichunguza uhamiaji, mwaka 1843, akaeleza kwamba mshahara uwe pauni 10 kwa mwaka, na posho iwe unga na nyama. Chai na sukari visiwemo.

Hapa nawaomba mtue kidogo. Mtu ana noti zake, ana mji wake, na anahesabu sukari kwenye kikombe cha mchungaji.

Gipps alipotangaza kanuni mpya Aprili 1844, kwamba kila stesheni ilipiwe leseni yake, maskwota walichachamaa. Mwenyekiti wa umoja wao alikuwa nani? Boyd. Mwaka huohuo akaingia Baraza la Kutunga Sheria kuiwakilisha Port Phillip, huku anaishi Sydney. Hakukaa hata mwaka.

Mwaka 1847 akapata wazo alilodhani litammalizia shida ya wachungaji. Akatuma meli yake, Velocity, visiwani Pasifiki. Aprili ikarudi Twofold Bay na watu 65 kutoka visiwa vya Tanna na Lifou. Mikataba yao ilikuwa ya miaka 5, shilingi 26 kwa mwaka. Kwa kulinganisha, ile pauni 10 aliyokuwa akimlilia mzungu ni shilingi 200, karibu mara nane. Pamoja na hizo shilingi 26, nyama ratili 10 kwa wiki, suruali mbili, mashati mawili, na kofia moja ya sufu.

Waliletwa mbele ya karani wa mahakama pale Eden ili mikataba ithibitishwe. Piga picha: wanaume waliotoka joto la visiwani, wamejazana chumbani, wengi hawana nguo, hawajui Kiingereza, kila mmoja anasogezwa mezani atie alama kwenye karatasi isemayo miaka mitano. Karani akawatazama, akatazama karatasi, akakataa kutia saini. Alisema watu hawa hawajui walichokubali. Jina la huyu karani mimi ningelichonga kwenye ule mnara.

Boyd hakujali. Wakaondoka hivyohivyo, kwa miguu, kupanda milima kwenda kwenye stesheni zake za bara. Wakati wenyewe ndio huo baridi inaanza. Waliopita Makete Juni wanajua baridi ya nyanda za juu inavyokata, na Monaro inaanguka theluji. Watu wa minazi na bahari, wanakwenda kuchunga mnyama ambaye hawajapata kumwona.

#11 Msema Kweli

Mtoa mada mimi nina shida kidogo na uzi wako. Kila mfanyabiashara mkubwa anakopa, kila bosi anatafuta vibarua rahisi. Enzi zile wote walifanya hivyo. Boyd alikuwa na maono, kajenga bandari, mji, hoteli. Sisi wa leo tunakaa kwenye simu tunamhukumu mtu wa 1847.

#12 Mkia wa Mafuta

Mkuu hoja yako ni halali, ila mimi simhukumu kwa macho ya leo. Waliomhukumu ni wa 1847 hao hao. Yule karani ni wa 1847. Magazeti ya Sydney yalipiga kelele kwamba huu ni utumwa mpya unaingia kwa mlango wa uani. Wengine walipiga kelele kwa huruma, wengine kwa kutotaka watu weusi, tusiwapambe. Mwaka huohuo Baraza lilibadilisha sheria ya mabwana na watumishi ikawatoa watu wa visiwani humo, maana yake Boyd hakuweza tena kuwafunga kwa kukimbia kazi. Lugha waliyotumia kwenye sheria ni ya kuwaita washenzi, lakini matokeo yake yalikuwa mlango kufunguka.

Na wakatembea. Meli ziliwaongeza wengine baadaye mwaka huo, jumla karibu 200, na wengi wao waliacha kondoo wakashika njia, mamia ya kilomita kuelekea pwani, wakitafuta meli yoyote ya kuelekea kwao. Sydney iliwaona wakirandarandia bandarini. Boyd alisema si jukumu lake kuwarudisha. Pia zilikuja shutuma kwamba meli zake ziliteka watu visiwani kwa nguvu na damu ikamwagika. Serikali ikachunguza, ikasema ushahidi hautoshi.

Kuhusu kukopa, mwenye deni na mwenye benki ni watu wawili, wanatazamana. Kwa Boyd walikuwa mtu mmoja. Benki ilikusanya fedha za watu London, halafu ikazikopesha kampuni ya Boyd, na anayeandika taarifa kwamba mambo ni mazuri ni Boyd. Kazi ya kibenki yenyewe Sydney ilikuwa haba. Nani angemuuliza?

#13 Bibi Hesabu

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa vyama vya ushirika miaka mingi, nimestaafu. Nikisoma #12 naona sura ninazozijua. Mweka hazina ndiye mkopaji, na mkopaji ndiye anayesoma taarifa kwenye mkutano mkuu. Wanachama wanapiga makofi kwa sababu jengo jipya limepakwa rangi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, ila hapa daftari lilikuwepo. Tatizo ni nani kalishika. Wale wa London waliamka lini?

#14 Mkia wa Mafuta

Shikamoo Bibi. Waliamka kuelekea 1847. Miaka mitano wanasoma habari za kondoo, meli na mji wenye jina la mwenyekiti, gawio hawalioni. Wakamvua uongozi, na aliyekuja kukusanya kilichobaki ni binamu yake, William Sprott Boyd. Mji ulisimama ghafla. Kanisa halikuwa limekamilika, kiwanda kikazima moto, watu wakatawanyika. Mwisho wa hesabu benki ilifilisika, na kwa kuwa wanahisa hawakuwa na kinga, walidaiwa wao, kama pauni 80,000 juu ya walizokwisha poteza. Unanunua hisa za kondoo ukiwa London, kondoo hujawahi kumwona, halafu anakuja mtu mlangoni anakudai.

Boyd aliondoka Sydney Oktoba 26, 1849, na Wanderer ile ile. Alikwenda kuchimba dhahabu California kama wengine wote. Hakupata kitu. Sasa hapa ndipo ninapoamini kwamba huyu mtu hakuwa mfugaji hata siku moja. Mfugaji akifilisika anatafuta majike wawili na dume, anaanza upya. Boyd katikati ya 1851 alitoka San Francisco akizunguka Pasifiki na wazo la kuanzisha dola yake visiwani, jamhuri ya Wapapua, na yeye juu. Visiwa vilevile alikowachukua watu kwa shilingi 26, au majirani zake.

Asubuhi ya Oktoba 15, 1851, yoti ikiwa imetia nanga Guadalcanal, alishuka kwenye mtumbwi na bunduki kwenda kuwinda ndege, na mtu mmoja wa visiwani kutoka kwa mabaharia wake. Waliobaki walisikia mlio wa bunduki mara moja, halafu mara nyingine. Basi.

Mabaharia walitafuta, hawakumwona. Wakageuzia hasira vijijini, wakafyatua mizinga, wakachoma nyumba na mitumbwi. Kisha wakaelekea Australia, na Wanderer ikavunjikia kwenye maingilio ya Port Macquarie, Novemba mwaka huohuo. Mwenye nayo kapotea Oktoba, chombo kimefuata Novemba.

#15 Kichuguu

Duh. Kuna riwaya hapa. Na watu wa visiwani waliendelea kuchukuliwa au aliishia yeye?

#16 Mkia wa Mafuta

Aliishia yeye kwa muda. Mwaka 1863 Queensland wakalianzisha upya kwa mashamba ya pamba na miwa, na hilo lilidumu mpaka 1904. Mikataba iliyoandikwa ni kama 62,000. Wajukuu wao wapo Australia mpaka leo, wana jumuiya yao.

Na kondoo hawakutetereka. Mwaka 1851 dhahabu ilipogunduliwa kule kule New South Wales na Victoria, wachungaji wakatoroka wote kwenda kuchimba, maskwota wakalazimika kuzungushia mbuga seng'enge. Ikagundulika kondoo ndani ya uzio hahitaji mchungaji, ananenepa vizuri zaidi na sufu inakuwa safi. Yaani shida yote aliyoibebea watu kuvuka bahari dawa yake ilikuwa waya. Daktari utanisahihisha.

#17 Daktari wa Ng'ombe

Sina la kusahihisha. Ila ungemwambia mfugaji wa hapa leo atoe mchungaji aweke waya, uje uone fisi atakavyokushukuru.

#18 MamaPili

Kaka umemaliza kweli safari hii. Huo mji upo?

#19 Mkia wa Mafuta

Upo dada, kidogo. Seahorse Inn ni hoteli mpaka leo, watu wanafanyia harusi. Kanisa liliungua kwenye moto wa msituni mwaka 1926, kuta zimebaki. Mnara upo. Hifadhi inayouzunguka iliitwa Ben Boyd tangu 1971, lakini mwaka 2022 wakaibadilisha jina, sasa inaitwa Beowa, neno la Wathaua la wale nyangumi wauaji. Sydney, kule Neutral Bay alikokuwa na ghala la kuoshea sufu, barabara bado ina jina lake.

#20 Msema Kweli

Sawa nimekuelewa kiasi. Swali la mwisho: mwili haukupatikana kabisa?

#21 Mkia wa Mafuta

Fununu hazikuisha. Wengine walisema jina lake limeonekana limechongwa kwenye miti ya Guadalcanal, kwa hiyo yu hai. Mwaka 1854 meli moja, Oberon, ikaenda kumtafuta. Wenyeji wakaambiwa kuna malipo kwa atakayeleta kichwa cha yule mzungu, na kichwa kikaletwa. Nahodha akalipa, akakibeba mpaka Sydney. Wajuzi wakakigeuza huku na huku, wakasema hili si fuvu la Mzungu, ni la mtu wa visiwani.

#22 MamaPili

La nani sasa?